Visanamu vya Wamaya: uanze na Jaina, Lagartero, Waka' au Aguateca?

Ukitafuta mtandaoni picha za visanamu vya udongo vya Wamaya wa kale, wale watu wa Mexico ya kusini, Guatemala na jirani zake, utaletewa Jaina, kisiwa cha Mexico, halafu Jaina tena, halafu Jaina nyingine, na watu wengi wanaishia hapo hapo, wanadhani wakubwa wote wa Kimaya walivaa vile na kila kisanamu kilitoka kwenye kisiwa kimoja. Sio kweli. Kuna makundi manne ambayo mtu anayetaka kujua waungwana wa Kimaya walivyojipamba siku za sherehe anaweza kuanza nayo, na kila kundi lina kitu ambacho wenzake hawana, na lina kasoro yake ambayo vitabu vya picha nzuri nzuri havikuambii. Basi ngoja niyaweke hapa ubavu kwa ubavu, wewe mshonaji, mfinyanzi, mwanafunzi wa sanaa, au mtu tu umependa, ujue muda wako uupeleke wapi.

Kwanza kwa nini tuhangaike na udongo wakati tunataka kujua nguo? Kwa sababu nguo zimeoza, basi. Misitu ya Petén (kaskazini mwa Guatemala) na Chiapas (kusini mwa Mexico) ni joto na unyevu mwaka mzima, pamba ya karne ya 7 au ya 8 haiwezi kukusubiri huko, na vitambaa vilivyobaki ni vipande vipande, kama vile vilivyoungua vikatupwa kwenye kisima kikubwa cha mji wa kale wa Chichén Itzá, ambavyo vimesalia kwa kuwa viligeuka kama makaa. Ukitoa hivyo unabaki na michongo ya mawe, vyombo vilivyochorwa, michoro ya ukutani ya mji wa kale wa Bonampak (ya kama mwaka 791 hivi, kuna chumba pale wakubwa wamepanga mstari na majoho yao meupe marefu, we acha tu), na visanamu. Na kisanamu kina faida yake, jiwe linakupa upande mmoja tu na mara nyingi ni mfalme peke yake kwenye pozi la kifalme, ila kwenye udongo unampata mfalme, mke wake, karani, mcheza mpira, kibeti wa ikulu, bibi kizee, yaani watu ambao hakuna aliyewachongea jiwe.

JAINA

Hiki ni kisiwa kidogo kwenye pwani ya Campeche, Mexico, kimetengana na bara kwa mkondo mwembamba tu wa maji, na sehemu kubwa ya ardhi yake ni watu wenyewe waliijaza kwa kumwaga chokaa laini nyeupe iliyobebwa kutoka bara. Mfaransa Désiré Charnay alipita hapo mwaka 1886, halafu miaka ya 1940 wakaja wanaakiolojia wa Mexico, Miguel Ángel Fernández na Hugo Moedano, na 1964 Román Piña Chan. Walichokuta ni makaburi, makaburi mengi mno. Maiti imekunjwa magoti yamekuja kifuani, wengine wana ushanga wa jedi mdomoni, bakuli limefunika kichwa, na kifuani au mikononi kuna kisanamu. Vingi vina urefu kati ya sentimita 10 na 25, kinaenea mkononi, na vilitengenezwa kama kati ya mwaka 600 na 900.

Kwa uzuri wa kazi ya mkono hakuna kundi linaloisogelea Jaina, hilo nakubali bila ubishi. Chukua yule mfumaji aliyeko Makumbusho ya Taifa ya Anthropolojia pale Mexico City. Mwanamke amekaa chini, ncha moja ya mtande imefungwa kwenye kigogo mbele yake, ncha nyingine imezunguka kiunoni kwake, yeye mwenyewe ndiye anayeukaza kwa kurudi nyuma, na juu ya kigogo katua ndege. Sasa usiangalie ndege, angalia masikio. Amevaa majasi makubwa ya duara yaliyojaza ndewe zote mbili, shingoni kidani cha shanga nene, nywele za mbele zimekatwa ngazi ngazi. Huyo sio kijakazi anayefanya kazi ya kuajiriwa, huyo ni mwanamke wa daraja la juu na kufuma ndiyo heshima yake. Ukiangalia wengine wa Jaina utaona pia pua imeongezewa kitu juu mpaka ikaungana na paji la uso bila kushuka, na chale mashavuni au pembeni mwa mdomo, na kichwa kimebonyezwa tangu utoto kikawa kirefu kuelekea nyuma. Urembo wa mwili na urembo wa nguo vinaenda pamoja, huwezi kushona nguo ukasahau uso.

Wanaume nao wapo wa kila namna. Wacheza mpira na ule mkanda mnene wa kiunoni unaofika mbavuni pamoja na kinga ya goti moja, wapiganaji na ngao, wazee wanaochomoza ndani ya ua, mateka waliofungwa mikono, na wale wanaume wanene waliovaa suti nzima ya manyoya ya ndege kuanzia shingoni hadi miguuni, hao ndio mimi nawapenda kuliko wote, sura kavu kabisa lakini mwili mzima manyoya. Rangi zilipakwa baada ya kuchoma, nyekundu, nyeupe, njano na ile bluu ya Kimaya ambayo ni nili iliyounganishwa na udongo mweupe maalumu (paligoskaiti), na ndiyo maana bluu mara nyingi utaikuta bado imeng'ang'ania kwenye mikunjo wakati rangi nyingine zimeshapukutika.

Kwa mfinyanzi kuna somo la ziada. Sio vyote vilivyofinyangwa kwa mkono. Kuna vya mkono, ambavyo mara nyingi ni vya udongo uliojaa, na hivyo ndivyo vyenye vidole na mikunjo ya nguo ya kukutoa machozi, halafu kuna vya kalibu, udongo unabonyezwa ndani ya kalibu unatoka mbele pamepambwa nyuma bapa, ndani tupu, wanatia vijiwe vya udongo iwe kayamba au wanatoboa iwe filimbi. Na kuna vya mchanganyiko, uso umetoka kwenye kalibu, nguo imebandikwa kwa mkono utepe kwa utepe. Vipimo vya udongo vilivyofanywa maabara vimeonyesha kwamba vingi vya kalibu havikutengenezwa kisiwani kabisa, udongo wake ni wa upande wa Jonuta, Tabasco, kwenye mto Usumacinta, kwa hiyo vilikuja kwa mitumbwi kama bidhaa nyingine yoyote. Wale wanawake wa kalibu walioinua mikono yote miwili, unaowaona kila makumbusho, wengi ni wa ukoo huo.

Sasa kasoro yake, na ni kasoro kubwa. Kati ya visanamu vya Jaina vilivyoko Marekani na Ulaya, vingi havikutolewa na mwanaakiolojia, vilitolewa na wachimbaji wa usiku wakavipitisha kwa madalali, na hakuna aliyeandika kilikuwa kaburi la nani, mtoto au mzee, kimelala na nini pembeni. Ndiyo maana kibao cha makumbusho kinasema "mtindo wa Jaina" au "Jaina au karibu na hapo", ukiona maneno hayo ujue kiukweli hawana uhakika kimetoka wapi. Ni sawa na kuokota picha ya harusi ndani ya mfuko wa koti la mtumba, unaona bibi harusi kapendeza, lakini ni nani, wa wapi, aliolewa na nani, hupati. Na kisanamu kilichotoka kaburini sio lazima kiwe sura ya marehemu, usije ukaandika kwenye mradi wako wa chuo "huyu ndiye malkia aliyezikwa hapa", mwalimu anayejua atakukata maksi na atakuwa na haki.

Halafu kuna feki. Soko lilipopanda bei mafundi wakaingia kazini, wengine wanatengeneza kipya kabisa, wengine wana akili zaidi, wanachukua mwili wa zamani wanaubandikia kichwa kipya chenye kofia kubwa ya kuvutia. Kuna kipimo cha maabara kinachoonyesha udongo ulichomwa lini mara ya mwisho, lakini wakipima mwili wa zamani kichwa cha juzi kinapita kimya kimya. Kwa anayesoma mavazi hiyo ni hatari kweli kweli, maana kofia ndiyo kitu cha kwanza kubandikwa na ndiyo kitu cha kwanza wewe utakachokinakili.

LAGARTERO

Hapa ndipo ningependa washonaji wote wapeleke macho, na ndipo hawaendi. Lagartero iko Chiapas, kusini kabisa mwa Mexico, karibu na mpaka wa Guatemala, eneo la maziwa ya Colón. Miaka ya 1970 Susanna Ekholm alichimba pale akakutana na jalala. Naam, jalala, sio kaburi la mfalme, limejaa vyombo vizuri vilivyochorwa vikavunjwa, mifupa ya wanyama, na visanamu kwa mamia, vichwa huku viwiliwili kule. Ekholm aliona kwamba havikuvunjika kwa bahati mbaya, kwamba vilivunjwa kwenye sherehe na kutupwa ndani ya muda mfupi. Ukifikiria hivyo, lile jalala ni kabati la nguo za msimu mmoja, na hicho Jaina haikupi, maana Jaina umechanganyiwa miaka mia tatu kwenye rafu moja.

Karibu vyote ni vya kalibu. Sura zake hazina ule uhai wa Jaina, nakubali, ukiviweka kwenye meza moja na yule mfumaji utaona hivi vimesimama au kukaa tu kwa adabu, mikono imetulia, macho mbele. Lakini nguo! Aliyechonga kalibu alichonga kitambaa chenyewe. Huipili, lile gauni pana la kukatwa mraba wanalovaa wanawake wa Kimaya hadi leo, imeinuka nakshi kwa nakshi, unaona ukingo wa shingo, unaona pindo la chini, unaona pale kitambaa kimoja kinapoishia na kingine kinapoanzia. Jaina nguo ya mwanamke mara nyingi ni eneo laini lililopakwa rangi, na rangi ikishapukutika umebaki na umbo tu, huoni kilichofumwa. Lagartero hata rangi ikitoka nakshi inabaki, kwa sababu iko kwenye udongo wenyewe.

Walter Morris, aliyefanya kazi miaka mingi na wafumaji wa nyanda za juu za Chiapas, alizichukua nguo za visanamu vya Lagartero akazichambua kama mtu anayejua kufuma anavyochambua, na akazilinganisha na zinazofumwa vijijini sasa hivi kwenye mtande ule ule wa kufunga kiunoni. Hiyo ndiyo njia nzuri ya kuvitumia. Na ukitaka kuhakiki kwa kitu kingine cha Wamaya wa kale, fungua picha ya kizingiti namba 24 (jiwe la juu ya mlango) cha mji wa Yaxchilán kilichoko British Museum, London. Bibi Xook, mke wa mfalme, amepiga magoti anavuta kamba ya miiba kupitia ulimini, tarehe iliyoandikwa pale inaangukia mwaka 709, na huipili yake imechongwa nakshi za pembe nne mpaka pindo la chini. Weka picha hiyo pembeni ya kisanamu cha Lagartero uanze kuchora patani, utanishukuru.

Kasoro za Lagartero: vimevunjika, kupata kichwa na mwili vinavyokubaliana ni shughuli, na picha mtandaoni ni chache, hakuna makumbusho makubwa ya New York yanayovitangaza. Utahangaika kidogo kutafuta ripoti. Na kwa mavazi ya kifalme hasa, yale mataji ya manyoya marefu ya ndege ketsali ya mfalme mwenyewe, hapa sipo pa kuanzia, hapa ni nguo za watu wakubwa wa mji wa pembeni, sio ikulu ya mji mkubwa kama Tikal.

EL PERÚ-WAKA'

Hapa mambo yanabadilika kabisa kwa sababu hatuongelei kisanamu kimoja kimoja. Waka' ni mji wa kale kaskazini magharibi mwa Petén, Guatemala, ndani ya hifadhi ya Laguna del Tigre. Mwaka 2006 Michelle Rich, akiwa kwenye mradi ulioongozwa na David Freidel na Héctor Escobedo, alifungua ndani ya piramidi moja kaburi ambalo sasa linaitwa Kaburi la 39, la mtawala wa kati ya mwaka 600 na 650 hivi, na miguuni pa marehemu kulikuwa na visanamu 23 vimepangwa. Vimepangwa, sikiliza hilo neno. Vilikuwa bado pale mahali pake, kikundi kizima cha ikulu kimekusanyika kwenye ibada.

Katikati kuna mtu amepiga magoti, huyo wanaakiolojia wanamsoma kuwa ndiye mfalme aliyekufa, pembeni yake kulungu wa ajabu, na kibeti anayepuliza kombe kubwa la bahari kama baragumu. Kuwazunguka ndio kundi la ikulu, mfalme aliyeshika nafasi yake, malkia, wakuu, wanawake wa ikulu, vibeti wengine, kila mmoja na nguo ya cheo chake. Wanasema ibada yenyewe ni ya kumfufua mfalme, kama mungu wa mahindi anavyofufuka kwenye imani zao. Na rangi bado ipo, sio alama alama kwenye mikunjo, rangi ya kuonekana.

Kwa swali la "nani alivaa nini mbele ya nani" hakuna kingine kinachokaribia. Kwenye Jaina unaona mwanamke mwenye kofia pana unaanza kubishana, malkia huyo au mungu wa mwezi au mke wa tajiri? Huko Waka' ubishi unapungua kwa sababu unaona amesimama karibu na nani, anamtazama nani, na nani kapewa kofia kubwa kuliko nani. Unaanza kuona kwamba vazi la sherehe halikuwa la mtu mmoja kupendeza, ni mpangilio wa watu, wa mbele na wa nyuma, wa taji na wa kitambaa cha kichwa tu. Mtu wa maigizo au wa kutengeneza mavazi ya jukwaani, usiende kokote, anzia hapa.

Na mji huo huo una cha kulinganishia. Kuna jiwe la kusimama la Waka', namba 34, la mwaka 692, linamwonyesha malkia K'abel na ngao yake mkononi na taji kubwa la manyoya, liko Cleveland, Marekani, kwa sababu waporaji walilikata uso wake miaka ya 1960 wakausafirisha. Kaburi lake lilipatikana 2012. Kwa hiyo una malkia kwa udongo na malkia kwa jiwe, mji mmoja, wamepishana vizazi vichache. Sioni mahali pengine unapata bahati hiyo.

Kasoro? Ni 23 tu. Ni siku moja ya ibada moja ya mji mmoja, huwezi kuichukua ukasema "Wamaya walivaa hivi" kutoka Campeche hadi Honduras, na ni ya mwanzo mwanzo wa karne ya 7 wakati Jaina na Lagartero nyingi ni za baadaye. Nakshi za kitambaa zimepakwa, hazikuchongwa, kwa hiyo mshonaji anayetaka kuhesabu nyuzi atarudi Lagartero. Na picha nzuri za kila pembe sio nyingi kama za Jaina. Mali yenyewe ni ya Guatemala, inakaa kwenye Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia na Etnolojia ya Guatemala City.

AGUATECA, kwa kifupi

Hii ni ya wale wanaouliza, sawa, wakubwa walivaa hivyo, lakini hivi visanamu vyenyewe watu walivifanyia nini? Aguateca, Petén pia, ilivamiwa na kuchomwa moto karibu na mwaka 810, watu wa mjini wakakimbia wakaacha vyombo ndani ya nyumba, na Takeshi Inomata na Daniela Triadan na wenzao walipochimba wakakuta nyumba za wakubwa na karibu kila kitu sakafuni. Visanamu vipo, vingi ni filimbi za kalibu, wapiganaji, wanawake wa heshima, vibeti, wanyama, na vilikuwa majumbani pamoja na vyungu na mawe ya kusagia, sio kaburini. Inakutoa kichwani ile dhana kwamba kila kisanamu ni cha mazishi. Kwa mavazi tu haina jipya sana ukishaona hayo mengine, ila kwa mwalimu wa historia ni dhahabu.

Sasa uchague

Mshonaji na mbunifu wa mitindo: Lagartero kwanza, na kizingiti cha Yaxchilán pembeni, Jaina uitumie kwa vidani, majasi, kofia na mikao ya mwili. Usianze na Jaina halafu ukabuni nakshi za kitambaa kutoka kichwani mwako, ndicho kosa ninaloliona kwenye michoro mingi ya watu mtandaoni, umbo la Kimaya lakini kitambaa cha kubuni.

Mfinyanzi: Jaina, sina maswali. Lakini tafuta picha za nyuma na za chini, sio mbele tu. Nyuma ndiyo utaona kama ni mkono au kalibu, tundu la filimbi liko wapi, na jinsi walivyoacha hewa itoke kisipasuke kwenye moto. Picha za mbele zinakufundisha kushangaa, za nyuma zinakufundisha kutengeneza.

Mtu wa jukwaani, mwandishi wa hadithi, anayetaka kuelewa ikulu ilivyokaa: Waka'. Na mimi nikibanwa nichague kundi moja tu kati ya manne nachukua Waka', wala sio kwamba ni vizuri kuliko vya Jaina, mfumaji wa Jaina ni kazi bora zaidi kama kazi, ila visanamu 23 ambavyo najua vilisimama wapi vinanifundisha kuliko kabati zima la vizuri visivyo na kwao.

Kwa mlioko Marekani, Dumbarton Oaks pale Washington, Metropolitan ya New York na makumbusho ya Chuo cha Princeton wote wana vya Jaina au mtindo wa Jaina, nendeni mkaone kwa macho, zungukeni kabati, chukueni picha za ubavuni. Kwa tulioko mbali, Metropolitan tangu 2017 waliachia picha za vitu vyao vingi bure, unapakua kubwa kubwa, unazuumu mpaka unaona alama ya kijiti kwenye udongo. Ukifungua ukurasa wa kitu soma kile kipengele cha kilikopitia, kuanzia mwaka gani na mikononi mwa nani. Kikianza na dalali wa miaka ya 1960 bila jina la mchimbaji, kitumie kwa macho, usikitumie kama ushahidi. Anayefika Campeche aende ngome ya San Miguel, makumbusho ya pale yana vya Jaina kutoka kwenye machimbo halali, maana kisiwani kwenyewe mtalii wa kawaida haruhusiwi kuingia tu.

Na wale mnaoniuliza wapi pa kununua cha kweli: hakuna pa kununua. Sheria ya Mexico ya 1972 inasema vitu vya akiolojia ni mali ya taifa, na serikali yao imekuwa ikipiga kelele kila mnada wa Paris unapotangaza vitu kama hivi. Nakala zipo, mafundi wa Mexico wanatengeneza nzuri na wanaandika kabisa kuwa ni nakala, tena ukiwa mfinyanzi nunua ya kalibu ya bei ndogo, ipasue katikati uone unene wa udongo ndani, shingo ilivyoungwa na bega, na vijiwe vya kayamba vilivyoingizwa kabla ya kufunga mgongo.